Kuuza pete ya almasi Kisumu, Nakuru au Kakamega: jiwe la maabara na jiwe la ardhini hurudisha kiasi gani

Pete mbili zinaweza kuwekwa mbele ya sonara mmoja, zote zina jiwe la karati 1 na zote zinang'aa sawasawa, lakini mwenye ya kwanza akalipwa zaidi ya laki mbili na mwenye ya pili akalipwa bei ya dhahabu tu. Jiwe la pili si bandia. Ni kaboni ile ile, lina ugumu ule ule wa 10 kwenye kipimo cha Mohs, na huvunja mwanga kwa kiwango kile kile. Limetengenezwa kwa mashine ndani ya majuma machache badala ya kuchimbwa, na aliye na mashine anaweza kuagiza nyingine kesho. Hilo ndilo linaloua bei ya kuliuza tena.

Mwongozo huu ni wa mtu aliye na pete mkononi na anataka kujua thamani yake kabla ya kuingia dukani. Fuata hatua kwa mpangilio, kwa sababu wengi hupoteza pesa kwa kuanza na hatua ya mwisho: wanauliza bei kabla ya kujua wanauza nini.

Hatua ya 1: Tafuta karatasi, kisha uzitenganishe

Kwenye bahasha ya pete huwa kuna karatasi za aina tatu, na watu huzichanganya.

Risiti ya duka inaonyesha ulicholipa. Ndani yake mna faida ya muuzaji, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 na gharama ya kutengeneza pete. Hakuna mnunuzi wa mkono wa pili atakayekurudishia hata kimoja kati ya hivyo. Risiti itunze kwa sababu inathibitisha pete ni yako, ila usiitumie kupanga bei.

Hati ya thamani kwa ajili ya bima huwa na kiasi kikubwa kuliko vyote. Inaeleza gharama ya kununua pete mpya kama hiyo ikiibwa, wala haisemi utapata nini ukiuza. Mtu akiiweka mezani kwa sonara kama bei yake, mazungumzo yanaharibika hapo hapo.

Cheti cha maabara ya vito ndicho chenye uzito. Vinavyokubalika zaidi ni vya GIA, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1931, na IGI, iliyoanzia Antwerp mwaka 1975. Cheti kinataja uzito, rangi, usafi, mkato, vipimo vya milimita, na nambari ambayo mara nyingi imechorwa kwa leza kwenye kiuno cha jiwe, yaani ule ukingo mwembamba unaotenganisha sehemu ya juu na ya chini. Ingiza nambari hiyo kwenye tovuti ya maabara husika uone kama maelezo yanalingana. Cheti cha jiwe la maabara husema wazi kuwa limekuzwa maabara, na juu ya jiwe lenyewe mara nyingi huandikwa "Laboratory-Grown" au "LG" pamoja na nambari.

Jambo moja jipya: mwaka 2025 GIA iliacha kuyapa mawe ya maabara madaraja ya rangi na usafi inayoyapa mawe ya ardhini. Sasa huyaweka katika makundi mawili tu, la juu na la kawaida. Ukiona cheti kipya cha GIA cha jiwe la maabara hakina herufi za rangi kama D, E au F (zinaanzia D, isiyo na rangi, hadi Z, ya manjano), usidhani ni cha kughushi.

Hatua ya 2: Hakikisha kwanza ni almasi

Osha pete kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini. Mafuta ya ngozi hukusanyika nyuma ya jiwe na kulifanya liwe butu, na hudanganya hata kipimo.

Mwombe sonara atumie kalamu inayopima jinsi jiwe linavyopitisha joto. Almasi hupitisha joto haraka kuliko kito kingine chochote, kwa hiyo kioo na zirkoni, ile inayouzwa madukani kwa jina la "American diamond", hugunduliwa mara moja. Moisanaiti, jiwe jingine linalofanana na almasi, ndiyo yenye matata, kwani nayo hupitisha joto vizuri, na kalamu ya kawaida huipitisha kama almasi. Inatakiwa kalamu inayopima umeme pia. Tena ncha ikigusa kucha za dhahabu zinazoshika jiwe badala ya jiwe lenyewe, jibu linakuwa la uongo. Betri ikiwa dhaifu, vivyo hivyo. Pimeni mara tatu, jiwe likipoa kati ya kipimo kimoja na kingine.

Achana na majaribio ya nyumbani. Kukwaruza kioo hakuthibitishi chochote: kioo kina ugumu wa kama 5.5, zirkoni 8 na kitu, moisanaiti zaidi ya 9, kwa hiyo zote zitakikwaruza, na unaweza kuvunja kona ya jiwe lako bure. Kulitumbukiza jiwe ndani ya maji ni kazi bure pia, maana yote huzama.

Hatua ya 3: Maabara au ardhini?

Hapa ndipo penye pesa, na ndipo wengi wanapodanganywa au kujidanganya. Kalamu ya joto haiwezi kujibu swali hili. Macho hayawezi. Hata sonara mwenye miaka mingi kazini, akiwa na lenzi yake ya kukuza mara 10, hawezi kuapa kwa kutazama tu. Anayekuambia "hii ni ya asili, naijua nikiiona" anakisia, hata kama ana nia njema.

Unachoweza kufanya mjini kwako ni kukusanya dalili:

Soma kiuno cha jiwe kwa lenzi ya mara 10, ukilizungusha polepole chini ya taa. Maandishi ni madogo sana, kwa hiyo yatafute upande wa pili wa jiwe kupitia uso wake, au mwombe sonara mwenye darubini.

Mawe yanayotengenezwa kwa shinikizo na joto kali huwa na punje za chuma kilichotumika kuyeyusha kaboni. Sumaku yenye nguvu sana inaweza kuyavuta kidogo yakiwa hayajafungwa kwenye pete. Yakivutika, ni dalili nzuri ya maabara. Yasipovutika, hujajua lolote, kwa sababu yale yanayokuzwa kwa gesi hayana chuma hicho.

Baadhi ya mawe ya maabara huendelea kung'aa gizani sekunde chache baada ya taa ya urujuanimno kuzimwa. Hii nayo ni dalili tu.

Kalamu ya umeme ikisema "moisanaiti", usikate tamaa haraka. Baadhi ya almasi za maabara zina chembe za boroni zinazopitisha umeme na kuichanganya kalamu.

Jibu la uhakika hutoka kwenye mashine ya kuchuja almasi, iliyo kwa wanunuzi wakubwa wa Nairobi kuliko huku kwetu, au maabara yenyewe ya vito. Hata mashine hiyo, kazi yake ni kutenga mawe yanayohitaji kuchunguzwa zaidi. Zaidi ya tisa kati ya kumi ya almasi za ardhini zina nitrojeni ya namna ambayo mawe ya maabara hukosa, kwa hiyo jiwe lisilo nayo hutiwa shaka mpaka lithibitishwe.

Je, inafaa kugharimia cheti kipya? Jiwe lililo chini ya karati 0.30, hapana. Ada, usafirishaji na bima ya njiani vitameza faida. Jiwe la karati 0.70 na zaidi ambalo una sababu ya kuamini ni la ardhini, kwa mfano pete ya miaka ya 1980 ambayo mama mkwe alinunuliwa kabla mawe ya maabara hayajafika madukani, linastahili. Bila cheti, mnunuzi wa leo atalichukulia kuwa la maabara na kulipa hivyo. Hofu yake ina msingi, maana atakayemuuzia atamwuliza vilevile.

Tahadhari moja nzito: kuna mawe ya maabara yaliyochorwa nambari za vyeti halali vya mawe ya ardhini. Kwa hiyo usiishie kwenye nambari. Pima kipenyo kwa kalipa ya kidijitali na ulinganishe na cheti. Vyeti huandika hadi sehemu moja ya mia ya milimita, na tofauti ya 0.05 kwenye kipenyo inatosha kukutilia shaka. Kisha linganisha doa lililochorwa kwenye ramani ya cheti na doa unaloliona kwa lenzi.

Neno kuhusu Mwadui. Ng'ambo ya ziwa, mkoani Shinyanga, kuna mgodi halisi wa almasi uliogunduliwa na John Williamson mwaka 1940, na kwa sababu hiyo wapo wauzaji wanaozunguka Kisumu na Migori na "almasi ya Mwadui" kwenye karatasi iliyokunjwa. Almasi ghafi haivuki mpaka kihalali bila cheti cha Mpango wa Kimberley, utaratibu wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya almasi ghafi, unaotumika tangu 2003. Usiinunue, na usikubali kubadilishana nayo pete yako. Kwa jiwe lililokatwa, hadithi ya asili yake isiyo na karatasi haiongezi hata shilingi.

Hatua ya 4: Pima dhahabu

Watu huipita hatua hii mbio, ilhali kwa pete ya jiwe la maabara ndiyo yenye pesa karibu zote.

Tafuta muhuri ndani ya pete: 375, 585, 750 au 916. Nambari hiyo ni sehemu za dhahabu safi katika elfu. 925 ni fedha, 950 kwa kawaida ni platinamu. Herufi GP maana yake imepakwa dhahabu juu tu. Pete nyingi za maabara za bei nafuu ni fedha 925 iliyopakwa. Muhuri nao hughushiwa, kwa hiyo mnunuzi atapima kwa asidi au mashine, na ni haki yake.

Pima uzito kwa mizani inayosoma 0.01 ya gramu. Ondoa uzito wa jiwe: karati 1 ni gramu 0.2. Halafu zidisha.

Mfano. Pete ina gramu 4.20, muhuri 750, jiwe la karati 1. Dhahabu ni gramu 4.00. Zidisha kwa 0.75, unapata gramu 3.00 za dhahabu safi. Ikiwa siku hiyo gramu ya dhahabu safi ni Ksh 15,000, dhahabu yako ina thamani ya Ksh 45,000. Sonara atakata kitu kwa ajili ya kuyeyusha na faida yake. Akikata asilimia 10 unabaki na Ksh 40,500. Akikata 30, nenda duka la pili.

Wanunuzi wa dhahabu ghafi kule Migori na Kakamega si soko la pete. Wao hununua kilichotoka mgodini, na bei wanayotaja si ya dhahabu yenye muhuri.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya jiwe kutoka upande wa mnunuzi

Kama huna cheti na jiwe ni la duara, kadiria uzito bila kulitoa: kipenyo mara kipenyo mara kimo, vyote kwa milimita, mara 0.0061. Jiwe la kipenyo cha 6.5 na kimo cha 4.0 linatoa karibu karati 1.03. La 5.2 kwa 3.2 linatoa karibu 0.53. Usiruhusu kucha zifunguliwe ili lipimwe mpaka mmekaribia kukubaliana bei. Kila kufungua ni hatari ya kuvunja kucha au ukingo.

Sasa bei. Mnunuzi hajiulizi wewe ulilipa nini. Anajiuliza: "Jiwe kama hili nikiliagiza kwa jumla leo, nalipata kwa ngapi?" Jibu hilo ndilo dari yako, na atakupa chini yake kwa sababu anahitaji kupata faida na hajui lini ataliuza.

Kwa jiwe la ardhini, biashara hutumia orodha ya bei ya Rapaport, ambayo imekuwapo tangu 1978. Bei za orodha ni za kuanzia mazungumzo. Mauzo halisi kati ya wafanyabiashara huwa chini yake, mara nyingi kwa asilimia 30 au zaidi. Tuseme jiwe lako la karati 1, rangi G, usafi VS2 (madoa madogo ambayo kwa kawaida hayaonekani bila lenzi), linapatikana kwa jumla kwa dola 3,000. Dola ikiwa Ksh 130, hiyo ni Ksh 390,000. Mnunuzi makini anaweza kukupa kati ya nusu na theluthi mbili, yaani Ksh 195,000 hadi 260,000. Ikiwa ulilinunua dukani kwa 600,000, umepata karibu theluthi moja hadi asilimia 43. Inauma, lakini ndivyo soko lilivyo, na bei za mawe ya ardhini nazo zimeshuka tangu 2022.

Kwa jiwe la maabara, dari yenyewe iko chini na inaendelea kushuka. Kampuni ya De Beers ilipoanzisha chapa yake ya Lightbox mwaka 2018 iliuza mawe ya maabara kwa dola 800 kwa karati, bei iliyoonekana ya kutupa wakati huo. Mwaka 2024 bei ya mawe yake ya kawaida ilishuka hadi dola 500, na mwaka 2025 kampuni ikatangaza kuifunga chapa hiyo. Hizo zilikuwa bei za rejareja. Kwa jumla, viwanda vya China na India huuza chini ya hapo kwa mbali. Ikiwa sonara anaweza kuagiza jiwe jipya la karati 1 lenye cheti kwa dola 150, ambazo ni Ksh 19,500, hana sababu ya kukupa zaidi ya elfu chache kwa lako. Wengi watakupa sifuri. Hawajakudharau: wakilinunua leo, huenda likashuka bei kabla hawajalivalisha pete.

Weka bei za siku yako kwenye hesabu hizi, maana zilizo hapa ni za kuonyesha njia.

Kuna mambo yanayoshusha bei hata kwa jiwe la ardhini: kona iliyovunjika, rangi ya manjano chini ya daraja K, madoa yanayoonekana kwa macho, mkato mbovu. Jiwe la duara huuzika haraka kuliko la umbo la moyo au peasi. Jiwe la karati 0.98 hulipwa chini sana ya la 1.00, ingawa hakuna jicho linaloona tofauti. Vijiwe vidogo vya pembeni, chini ya karati 0.10 kila kimoja, karibu kila mnunuzi atavihesabu kuwa bure, viwe vya ardhini au vya maabara. Usipoteze jasho kuvitetea.

Hatua ya 6: Peleka sokoni

Anza na duka lililokuuzia, hata kama liko Nairobi. Baadhi ya maduka hukubali jiwe la ardhini kama sehemu ya malipo ya kubwa zaidi, na huko ndiko utakakopata thamani ya juu kwenye karatasi. Soma masharti: mara nyingi jiwe la maabara halimo, na kubadilisha si kulipwa pesa taslimu.

Kisha pata bei kwa masonara watatu. Mmoja wa mjini kwako, awe Kisumu, Nakuru au Eldoret, na wawili Nairobi kama jiwe ni la ardhini na linazidi nusu karati. Nauli itajilipa. Kwa jiwe la maabara usifunge safari ya Nairobi. Mwombe kila mmoja agawe bei mara mbili: dhahabu kiasi hiki, jiwe kiasi hiki. Anayekataa kugawa anaficha moja ndani ya nyingine.

Kumwuzia mtu binafsi, kwa mfano kijana anayejiandaa kuposa, huleta zaidi kuliko sonara, kwa sababu yeye hulinganisha na bei ya duka. Kwa jiwe la maabara hii ndiyo njia pekee yenye matumaini. Mwambie waziwazi ni la maabara na uandike hivyo kwenye makubaliano. Kuficha ni udanganyifu, na akienda kulipima utarudishiwa pete, pengine pamoja na polisi.

Kabla ya kuiacha pete kwa yeyote, hata kwa saa moja, piga picha ya doa la jiwe kupitia lenzi, andika nambari ya kiuno na uzito wa pete nzima. Jiwe likibadilishwa kwa zirkoni ya ukubwa ule ule, mizani itasema, maana zirkoni ni nzito zaidi. Likibadilishwa kwa la maabara, mizani itanyamaza, na nambari na lile doa ndivyo vitakavyokuokoa. Bora zaidi, kaa hapo hapo likipimwa.

Kabla ya kununua

Anayenunua leo na angependa pesa yake irudi siku moja ana njia mbili za busara. Anunue jiwe la maabara kwa bei ndogo ya sasa, ahesabu pesa ya jiwe kuwa imeliwa, na aweke nguvu kwenye pete nzito ya dhahabu 750. Au atafute jiwe la ardhini la mkono wa pili lenye cheti cha GIA, ambalo mwenyewe wa kwanza ameshabeba hasara ya dukani. Tusichoweza kushauri ni kulipa bei ya juu kwa jiwe la maabara kwa sababu muuzaji ameahidi "litapanda". Akisema hivyo, mwombe aandike na kusaini kwamba atalinunua tena kwa nusu ya bei baada ya miaka mitano, kisha utazame atakavyojibu.

Siku ya kukabidhi

Kutaneni benki au dukani kwa sonara. Beba kitambulisho, risiti na cheti. Mnunuzi halali atachukua nambari ya kitambulisho, kwa sababu kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na usichukie akiuliza ulikoipata pete. M-Pesa hupitisha hadi Ksh 250,000 kwa muamala mmoja. Kwa kiasi kikubwa tumia uhamisho wa benki, na usiachilie pete mpaka umeona salio lako mwenyewe, si ujumbe kwenye simu ya mnunuzi.

Na kama jiwe la maabara limepewa sifuri na masonara wote watatu, usiliache liende bure na dhahabu. Mwambie sonara alitoe mbele yako, uza dhahabu kwa uzito wake, rudi nyumbani na jiwe na cheti chake. Kulivalisha kwenye pete ya fedha 925 ni kazi ndogo kwa fundi yeyote, na binti atakayeivaa atakuwa amevaa almasi ya kweli.